Darubini ya Remigius

Mambo haya yalimkuta rafiki yangu Remigius, mwalimu wa Mchombe, na yeye si mtu wa kuzua. Jioni hiyo alikuwa hoi kwa kuvuna mpunga, lakini darubini yake ya mtumba ilikuwa imefika, akajikokota nayo hadi shambani. Kitabu chake kilisema ailenge kwanza kwenye kitu cha mbali kabla nyota hazijatoka, na asishangae: darubini ya nyota huonyesha kila kitu kichwa chini miguu juu.

Ng'ambo ya majaruba, kwenye dungu la Mama Noela, kibanda chake cha kulindia mpunga, debe la kufukuzia nguruwe lilikuwa likigongwa. Ko. Ko. Ko.

“Shikamoo, Mama Noela!” akaita.

Debe likanyamaza.

“Marahaba, mwalimu.” Sauti ilitoka nyuma yake. Mama Noela alikuwa njiani, taa mkononi. “Nani anagonga debe langu? Mimi ndiyo kwanza nakuja. Hebu niangalizie na hicho chombo chako.”

Remigius akainama, macho mazito kwa uchovu. Paa la dungu lilikuwa chini, nguzo zake juu, mpunga ukining'inia kutoka juu kabisa. Ni yule tu aliyekaa ndani ambaye alikuwa wima, kichwa juu, anamtazama.