Nilimkana Marlys Spika Ikiwa Imewashwa

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, msimtafute mwingine. Nilikuwa uani kwa wazazi wangu, hapa Duluth, Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo kwetu huwa Septemba, nageuza soseji juu ya mkaa, simu ikaita.

"Habari za mchana. Tunakusanya maoni ya wananchi kuhusu uchaguzi wa rais. Una dakika chache?"

Moyo ulinipiga paa! Mchumba wangu Marlys alikuwa anagonga milango ya watu tangu theluji ilipoyeyuka, akimpigia debe Lorna Teague, mgombea wa chama cha tatu. Waandaaji wa mdahalo wa wagombea urais walikuwa wametangaza kwamba asiyefikisha asilimia kumi na tano kwenye kura za maoni hapandi jukwaani. Marlys alikuwa ananiambia kila mara, "Darrel, natamani wanipigie mimi hata mara moja tu." Sasa wamenipigia mimi, na kura yangu nilishamwahidi Lorna.

"Nani huyo?" akauliza baba yangu, mzee Orrin. Baba amepakia chuma melini ujana wake wote, na chama chake ni kimoja tangu azaliwe. Kwake yeye chama cha tatu ni wezi wa kura.

"Watu wa kura za maoni, baba."

"Weka spika, tusikie wote! Verna, njoo, mwanao anahojiwa!"

Mama akatoka jikoni. Wajomba wakasogeza viti. Nikaweka spika.

"Kama uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia kura nani?" Yule dada akasoma majina. La Lorna lilikuwa la tatu.

Baba akanikazia macho. Na mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu zangu, nikamtaja mgombea wa baba.

"Damu yangu hiyo!" baba akapiga meza.

"Na unaonaje, wagombea wa vyama vidogo waruhusiwe kwenye mdahalo?"

Hapo ningeweza kujiokoa. Tatizo langu, nikishaona watu wamekaa kunisikiliza, mdomo unaota miguu.

"Dada yangu, wawili wanatosha. Wengine wapiga kelele tu. Huyo Lorna na watu wake wakapalilie bustani."

Uani pakalipuka kicheko. Mjomba mmoja akapaliwa na bia. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama mtu kazima redio.

Nikageuka. Marlys alikuwa getini, bakuli la saladi ya viazi mikononi, fulana imeandikwa LORNA kifuani.

"Marlys..."

"Maliza kuhojiwa. Usimkatishe dada wa watu."

Akapita katikati yetu, akaweka bakuli mezani.

"Mama Verna, saladi hiyo. Sijatia vitunguu, najua vinakusumbua."

"Asante, mwanangu," mama akajibu.

Akaondoka bila hata kulibamiza geti. Angelibamiza ningepata nafuu.

"Haloo?" dada wa simu bado yupo. "Nisaidie na umri wako."

"Thelathini na mbili," nikasema, na hata huo umri nikauonea aibu.

Soseji ziliungua zote. Nikamwandikia: "Mpenzi, ule ulikuwa utani tu."

Akajibu: "Nimefungiwa milango usoni na watu wasionijua. Hakuna aliyenicheka. Umenicheka wewe."

"Baba alikuwepo pale, Marlys."

"Ndiyo shida yenyewe. Kila baba yako akiwepo, mimi sipo."

Nikipiga, haipokelewi.

Matokeo ya kura za maoni yakatoka: Lorna asilimia kumi na nne. Moja tu imepungua! Najua jibu la mtu mmoja haliwezi kushusha asilimia nzima. Nendeni mkauelezee usingizi wangu.

Jumamosi nikaenda kwake, mvua inaninyeshea barazani. Akafungua mlango kidogo, mnyororo haujatolewa.

"Una lipi?"

"Sina la kujitetea."

"Vizuri, umefupisha." Akaanza kufunga.

"Nilimwogopa baba!"

"Una miaka thelathini na mbili, Darrel."

"Hata dada wa simu alishtuka."

Mdomo wake ukataka kucheka, akaukatalia.

"Unajua kilichoniuma? Sijakulazimisha umchague Lorna. Ungesema hapana, tungebishana hadi chakula kipoe, tukala. Lakini kwangu unasema ndiyo, kwa baba yako unanifanya kichekesho. Sasa nikiolewa na wewe, nitaolewa na Darrel yupi?"

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vimejaa maji.

"Nisamehe, Marlys. Nilikuonea aibu, na mwenye kuonewa aibu ni mimi."

Akaufunga mlango, nikadhani ndiyo basi. Kisha mnyororo ukatoka.

"Ingia, utapata homa. Lakini msamaha wa mlangoni ni rahisi. Ulinikana mbele ya watu, nenda ukaniseme vizuri mbele ya watu walewale."

Jioni ya mdahalo tukaenda wote wawili kwa wazazi, wajomba nao wapo. Kwenye runinga, jukwaa lina wagombea wawili. Baba anatabasamu. Nikachukua rimoti, nikazima sauti.

"We! Umerukwa na akili?"

"Baba, siku ile kwenye simu nilidanganya. Kura yangu ni ya Lorna, na nilitaka awepo hapo. Nilisema vile kwa sababu nilikuogopa wewe, nikamdhalilisha Marlys mbele yenu. Namwomba radhi mbele yenu."

Mama akaacha kupakua tambi. Baba akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Awepo hapo kufanya nini? Asilimia kumi na nne! Hawezi kushinda huyo!"

"Watu watamjuaje bila kumsikia?"

"Afikishe kwanza, ndipo asikike! Mtu ambaye hana nafasi ya kushinda hapewi kipaza sauti, Darrel. Unampotezea nani muda?"

Marlys akaweka uma wake chini taratibu.

"Mzee Orrin, mwanao alipokuja mlangoni kwangu hakuwa na hata asilimia moja. Nilimsikiliza, ndiyo maana leo una mkwe."