Hodi Niliyopiga kwa Bibi Katarina

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Nilipiga mara tatu. Kimya.

"Hakuna mtu," nikawaambia wenzangu. "Vuteni!"

Jamani... nyumba ile ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama!

Subirini, msinitukane. Matusi yote nimeshajitukana mwenyewe, miaka hamsini sasa.

Novemba 1974, mvua za vuli. Mimi Yudith, mwanachuo wa ualimu kule Kilosa, ndiye niliyekuwa nasoma matangazo mstarini kila Jumatatu. Wiki hiyo nikasoma matukio yajayo: Jumatano mdahalo. Ijumaa ngoma na wakata miwa wa Ruhembe. Jumamosi kujitolea, kuezua nyumba za mlimani Vidunda, ili wananchi waliohamishiwa kijiji kipya wasirudi.

Wote wakapiga makofi. Mimi nikakunja karatasi haraka. Vidunda ni kwetu!

Oswald, mwenyekiti wa wanachuo, akanivuta pembeni.

"Eti wewe mtu wa huko?"

"Nani kasema? Mimi wa mjini bwana."

"Afadhali. Maana wanaopinga tunawaandika majina."

Kuandikwa jina ilikuwa ni kufukuzwa chuo. Na ukoo mzima msomi nilikuwa mimi tu...

Jumamosi tukaenda kwa lori hadi Kidodi, mlima tukaupanda kwa miguu. Kiongozi wa huko akatuapia kwamba watu wote walishachukuliwa jana. Nikaamini, maana kuamini kulinifaa.

Mlangoni kwa bibi, Oswald akasema, "Piga hodi, tuwe na uhakika."

Nikapiga kama mgeni. Mimi! Niliyezoea kuingia nikipayuka, "We kizee, bado hujafa tu?" Naye hujibu, "Nakusubiri wewe utangulie!" Ndio utani wetu, bibi na mjukuu, hata tukaitana wake wenza.

Kimya. Tukavuta kamba tuliyoifunga kwenye paa. Paa likashuka na boriti zake.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa...

Nilifukua kwa kucha. Nikamkuta boriti imembana kifua, khanga kaishikilia mdomoni, alikuwa anazuia kicheko!

Akanong'ona kwa Kividunda, "Nilikusikia. Mtoto wa nyumbani hapigi hodi. Nikajua mke mwenzangu ananitania, nami nikanyamaza nione... Leo umenishinda."

Hakusema tena.

Wenzangu walikuwa wameganda. Oswald akauliza, "Kasema nini?"

Macho yote kwangu.

"Sijui," nikajibu. "Sielewi kilugha chao."

Jumatatu nikasimama mstarini, nikasoma matukio ya wiki. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Cheti nilipata, nikafundisha mpaka nikastaafu.

Wahenga walisema mkana kwao mtumwa. Walinipunguzia. Mimi nilikana kwetu nikaua, kisha nikamkana hata akiwa maiti.

Wanangu, kazi gani hiyo, cheo gani hicho, hadi umwonee haya aliyekulea?

Wajukuu wangu, mkija kwangu msipige hodi. Ingieni tu. Nikisikia hodi mlangoni, naishiwa nguvu za kuitikia.