Orodha ya Wasichana Thelathini na Mmoja

Haya yalimkuta mamdogo wangu Devota, pale Hombolo, kwenye kituo chetu cha masomo ya jioni. Mimi nilikuwepo. Siongezi chumvi, hata nguvu ya kuongeza sina.

Ilikuwa Jumatano kama Jumatano nyingine. Nilifagia darasa, nikamwagia maji vumbi. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mama alipopooza, na Mtihani wa Maarifa ndio uliokuwa umebaki wa kunirudisha masomoni. Tulikuwa wasichana thelathini na mmoja. Orodha yetu ilikuwa kwenye seva, kompyuta kuu ya kituo, na ilitakiwa ifike ofisi ya usajili siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, tunasubiri mwaka mwingine.

Umeme ulikuwa umekatika alfajiri, betri ikaisha. Uliporudi, seva haikuwaka. Kioo kilibaki cheusi, na mstari mmoja tu: hakuna diski ya kuwashia.

Mamdogo, ambaye ni fundi wa seva za Linux mjini, alifika saa nne. Alikuwa hajalala siku mbili.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba, Lydia. Chai ipo?"

Alikaa sakafuni na kikombe chake. Akanieleza kwamba ndani ya mashine ile mna kompyuta tatu zisizo na mwili, zote zinaishi humo. Mwenye nyumba asipoamka, na wao hawaamki. Kisha akapapasa nyuma ya seva.

"Hapa palikuwa na flash. Iko wapi?"

Mwalimu Uwesu, mkuu wa kituo, alikuna ndevu. "Ile ndogo? Si ilikuwa ya marehemu Matonya? Ndiye aliyeifunga mashine hii. Siku ya msiba tulikusanya vitu vyake vyote tukapeleka kwao. Vya marehemu havibaki kazini. Flash nilichomoa mwenyewe. Mkewe aliitia mfukoni mwa koti, na marehemu akazikwa na koti hilo."

"Mwalimu! Ile ndiyo iliyokuwa inaiwasha! Nyie Warangi mnazika hadi kompyuta?"

"Mbona imefanya kazi miezi mitatu tangu msiba?"

"Kwa sababu haikuzimwa. Ikishaamka, flash haina kazi tena. Ikizimwa ndiyo mnaitafuta."

Mwalimu alijaribu kucheka utani ule wa kabila lake. Hakuweza.

Data zilikuwa salama kwenye diski mbili. Mamdogo alizichomoa ili atoe nakala kwanza, ndipo aziwekee mfumo mpya wa kuwashia. Moja aliiunga kwenye laptop yake, nyingine nikaipakata. Ilikuwa baridi. Seva yenyewe aliiwasha tupu, aone kama itasoma flash yake ya uokoaji. Ikawa inanguruma tu.

Jua lilikuwa kali nje. Upepo wa vumbi ulipiga bati. Tulisubiri.

"Lydia," mamdogo alinong'ona. "Tazama taa ya mtandao."

Taa ya kijani ilikuwa inacheza haraka haraka.

"Inatuma kitu," alisema.

"Inatuma nini, na diski ziko kwetu?"

Nilitazama saa ukutani. Saa nane na dakika kumi.

"Chomoa waya wa mtandao," mamdogo alisema.

Nikachomoa. Waya ulikuwa mkononi mwangu. Taa iliendelea kucheza. Tukahesabu pumzi zetu. Kisha ikazimika yenyewe, na chumba kikanukia udongo mbichi.

Mamdogo alifuta uso kwa kanga. "Nimechoka, mwanangu. Turudishe diski, tumalize."

Saa tisa na nusu seva iliwaka. Kompyuta zote tatu ziliamka, moja baada ya nyingine. Orodha ilikuwepo, majina thelathini na moja. Mwalimu aliituma.

Jibu la ofisi lilikuja papo hapo: orodha yenu tulishaipokea saa nane na dakika kumi. Chini yake, jina la mtumaji. Matonya.

Waliambatanisha nakala waliyoipokea. Mamdogo aliifungua, akaisoma, akataka kuifunga. Nilimshika mkono.

Ilikuwa orodha yetu, ila ina safu moja ambayo hatukuiweka. Juu yake iliandikwa Mahudhurio, na tarehe ya mtihani. Tarehe ambayo ilikuwa bado miezi minne.

Thelathini walikuwa wamewekewa alama ya kuhudhuria. Mbele ya jina moja, langu, palikuwa patupu.

"Ni makosa ya mashine," mamdogo alisema, bila kunitazama.

Nimesoma kila siku tangu hapo. Namba yangu ya mtihani imetoka, kalamu ninazo, sare nimeazima kwa mwenzangu Salma. Siumwi popote.

Mtihani ni Jumatatu. Leo ni Jumamosi.