Hafidha Atembeza Wageni wa Mdalasini

Mvua ilikuwa imenyesha Kinole, na magome ya mdalasini yalikuwa yanabanduka vizuri. Hafidha alikaa barazani na kisu chake. Alikwangua kijiti upande mmoja, akakigeuza, akakwangua upande wa pili. Mama yake, Bi Mwaisha, alikuwa anaanika magome kwenye mkeka. Kazi hiyo Hafidha angeweza kuifanya huku amefumba macho. Kilichomnyima raha ni Kiingereza.

Wageni kutoka nchi mbalimbali walikuwa wanakuja kijijini kuona viungo vikiwa bado shambani. Lakini aliyewatembeza alikuwa kijana wa kupigiwa simu kutoka mjini, Msamvu. Kijana huyo hakujua hata jani la iliki likoje! Hafidha aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote. Alisoma mpaka kidato cha nne, na madaftari yake aliyatunza kama nguo za sikukuu.

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa viungo, Mzee Mikidadi, alikuwa amempa nafasi.

"Jumamosi wageni wanakuja," alimwambia. "Utawatembeza wewe. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, namwita yule wa mjini. Ila leo jioni njoo ujaribu mbele yetu."

Jumatano hiyo jioni Hafidha alisimama mbele ya wanakikundi. Alitaka kusema kwamba mdalasini unamenywa na mama yake. Akavuta pumzi, akatamka kwa sauti:

"The cinnamon peels my mother!"

Mzee Mikidadi alifanya kazi hotelini miaka mingi, na Kiingereza alikijua. Alishika mbavu kwa kicheko.

"Jamani! Anasema mdalasini unammenya mama yake!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Mwaisha akainua viganja vyake vilivyojaa makovu ya kisu.

"Sasa uongo uko wapi?" akauliza. "Miaka arobaini unanimenya!"

Wakazidi kucheka. Hafidha naye alicheka, lakini cha mdomoni tu. Moyoni aliumia sana.

Kesho yake asubuhi alikuja jirani yao, Juliana. Msichana huyu alikuwa anasomea ualimu chuoni Mazimbu, na sasa alikuwa likizo.

"Shikamoo, da Hafidha."

"Marahaba. Umekuja kunicheka na wewe?"

"Nimekuja kumenya mdalasini," Juliana alisema, akavuta kigoda. "Hebu niambie, ile sentensi uliitengenezaje?"

"Nilianza na hii: My mother peels the cinnamon. Mama anamenya mdalasini. Nikataka mdalasini uje mbele, maana wageni wanakuja kuuona huo. Basi nikaigeuza, kama tunavyogeuza kijiti. Cha huku nikapeleka kule, cha kule nikaleta huku."

Juliana akapiga kofi. "Umeanza vizuri! Kijiti umekigeuza. Lakini gome hujalibandua."

"Una maana gani?"

"Kitenzi umekiacha vilevile. Kwa Kiswahili ungesemaje?"

"Mdalasini unamenywa na mama."

"Umeona? Anamenya imekuwa unamenywa. Umetia w ndani ya kitenzi, wala hukufikiri. Waingereza hawana w hiyo. Wao wanaweka neno zima mbele ya kitenzi. Kwa mambo ya sasa, kitu kimoja kinachukua is, vitu vingi vinachukua are. Kwa mambo yaliyopita ni was na were."

"Na kitenzi chenyewe?"

"Kinakwenda umbo la tatu. Peel inakuwa peeled. Dry inakuwa dried. Vingine vina ukaidi wake: cut inabaki cut. Hivyo unavikariri tu. Halafu mtendaji unamweka mwisho, na mbele yake unatia by."

Hafidha aliweka kisu chini. Midomo ilimcheza kidogo. Kisha akasema polepole:

"The cinnamon... is peeled... by my mother."

"Haswaa!"

"Mdalasini unamenywa na mama!" Hafidha alisimama, magome yakamwagika kutoka mapajani. "Kumbe ni hivi tu? Lete nyingine!"

"Tunakata matawi. We cut the branches."

"Matawi ni mengi... The branches are cut by us!"

"Sawa. Ila kila mtu anaona ni nyinyi mnaokata. Pasipo haja ya kumtaja mtendaji, mwache. The branches are cut. Inatosha. Mtaje pale anapotakiwa ajulikane."

Tangu hapo nyumba haikukalika. Hafidha akifagia, uwanja unafagiwa kwa Kiingereza. Akipika, maharage yanapikwa kwa Kiingereza. Bi Mwaisha akachoka.

"Mwanangu, hata chumvi umeisahau! Au nayo inatiwa kwa Kiingereza?"

Jumamosi wakafika wageni sita. Mzee Mikidadi alifuata nyuma, amekunja uso, simu mkononi. Hafidha alishika tawi la mdalasini ili apate pa kujishikiza.

"The branches are cut after the rain," alianza. Matawi hukatwa baada ya mvua. "The bark is peeled. Then it is dried in the sun." Gome humenywa, kisha huanikwa juani.

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Wakanusa, wakaonja, wakaandika. Akawapeleka kwenye iliki, kisha pilipili manga, na ulimi ukazidi kuwa mwepesi. Wakapanda hadi kwenye shamba la ukoo wao, penye mikarafuu mirefu. Mama mmoja mgeni akaangalia juu, akauliza ni nani aliyepanda miti mikubwa namna ile.

Hafidha akamwona mama yake chini ya mti, ameinama, anaokota karafuu. Hapa, alijua, mtendaji lazima atajwe.

"These trees were planted by my mother," akasema.

Wageni wote wakageuka. Wakamtazama Bi Mwaisha, kisha wakampigia makofi. Yule mama mgeni akaenda kumshika mikono yote miwili.

"Hafidha, umewaambia nini hawa?" Bi Mwaisha aliuliza kwa mshangao.

"Nimewaambia miti hii ilipandwa na wewe, mama."

Bi Mwaisha akatazama mikarafuu yake kama anaihesabu upya. Halafu akauliza, "Hiyo 'na mimi' wanasemaje?"

"By me."

Bi Mwaisha akajipiga kifuani mbele ya wageni wote. "Bai mi!" akasema. Akaonyesha mti wa pili. "Na ule, bai mi!"

Mzee Mikidadi akairudisha simu mfukoni.

"Jumamosi ijayo wanakuja kumi na wawili, Hafidha," akasema. "Uwapitishe hapa hapa kwa mama."