Binti Sultani Aliyeugua Homa

Mtaa mzima wa Kuze hapakuwa na mtoto mwenye sauti kama yangu. Muulize jirani yeyote: nikianza kuimba tu, madirisha yalifungwa. Basi katika mchezo wetu wa nyimbo nikapewa uzimwi, kazi yangu kunguruma.

Kila alasiri tukitoka chuoni kusoma Kurani tulikwenda uani kwa Mwalimu Nana kufanya mazoezi. Yeye alizichukua ngano za zamani akazigeuza. Binti Sultani wake hakungoja kuokolewa na mtu. Alilibembeleza zimwi kwa wimbo na makofi hata likalala, akachukua funguo, akatoka mwenyewe. Ulikuwa wakati wa vita, nguo haba, kwa hiyo ngozi yangu ilishonwa kwa gunia. Nilijikuna kuliko nilivyonguruma.

Binti Sultani alikuwa Mwanakuu. Wiki ya mwisho hakuonekana, na rafiki yangu Khairiya akashika nafasi yake. Alijifunza nyimbo zote, akiimba hata akiosha vyombo, mpaka koo likamkauka.

Siku ya mchezo, kina mama wameshaketi mikekani, Mwanakuu huyo! Kajifunika buibui, mikono ndani.

"Nalikuwa na homa, Mwalimu. Sikuinuka kitandani. Nimekuja kuvaa taji langu."

"Pole, mwanangu. Mgonjwa haonewi. Khairiya, mpe mwenzio taji."

Khairiya akalivua, machozi yakimlengalenga. Mimi nikachemka ndani ya gunia.

"Si haki, Mwalimu! Huyu kataabika, yule kalala!"

"Nyamaza, zimwi! Mwanakuu, hebu tukusikie kwanza."

Mwanakuu akaimba.

"Na makofi?"

"Mikono yaniuma, Mwalimu."

Basi nikafanya kazi yangu. Nikanguruma, nikamrukia, nikauvuta mkono wake nje ya buibui. Hina! Mpya, nyekundu, maua mpaka kiwikoni.

"Wa... walinipaka nimelala na homa!"

Mwalimu Nana alimtazama kwa hasira.

"Ungesema ulikwenda harusini, ningekusamehe. Lakini kwa uongo huu ulitaka kumnyang'anya mwenzio alichokifanyia kazi. Anayetaka taji alitolee jasho."

Akamvisha Khairiya taji. Mwanakuu akalia, akaapa kuwa kitanda hakukiacha hata mara moja.

"Masikini," alisema Mwalimu kwa upole, akilinyoosha taji. "Na biriani ya harusi je, iliiva vizuri?"

"Iliungua chini, Mwalimu," alijibu Mwanakuu, kisha akauziba mdomo kwa mikono yote miwili.