Siku Sitini na Tano

Kila alasiri, akishatoka shule na kula, Waridi alijitanda mtandio, akachukua juzuu yake na kumuaga mama yake, Bimkubwa, kwamba anakwenda chuoni kusoma Kurani. Njia ya chuoni ilipita kando ya uwanja ambapo wenzake walicheza rede, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Maalim alikwisha kupelekewa habari kwamba mama yake Waridi anaumwa na binti ndiye mpishi wa nyumba. Basi Bimkubwa wa watu, mzima wa afya, aliugua wiki tano nzima pasipo mwenyewe kujua.

Waridi alikuwa darasa la sita, na katika mji wao mdogo wa Vitsakani, kusini ya Msambweni, alisifika kwa mwandiko mzuri. Herufi za Kiarabu alizijua pia, maana chuo alikianza angali mdogo. Alichokosa ni tarakimu zake. Maalim alizifundisha katika wiki hizo tano, naye Waridi alikuwa uwanjani akikwepa mpira.

Baba yake, Fundi Othman, alikuwa mwashi wa chokaa. Nyumba nyingi za mawe pale mjini zilipita mikononi mwake, lakini kazi ya serikali hakuwahi kupewa hata moja. Enzi za wakoloni kazi hizo zilikwenda kwa makampuni ya mbali, naye akaitwa kibarua wa kutwa. Miaka ishirini alikoroga chokaa ya kujengea majina ya watu wengine.

Sasa nchi ilikuwa na mwaka wa pili tangu uhuru, na baraza la mji likabandika tangazo. Katikati ya mji patatengenezwa upya. Soko la makuti litavunjwa na kujengwa la mawe, lenye matao na mtaro wa maji ya mvua. Fundi anayejiweza alete zabuni yake kwa herufi za Kizungu, ndani ya bahasha iliyofungwa. Kazi itaanza tarehe saba Oktoba na lazima imalizike kabla ya sherehe za Jamhuri, kwa hiyo isizidi siku sitini na sita. Barua itakayozidisha hata siku moja haitafikiriwa. Na ukutani patawekwa jiwe lenye jina la aliyejenga.

Hilo jiwe ndilo lililomkosesha usingizi Fundi Othman.

"Si fahari naitafuta," alimwambia mkewe. "Nataka wajukuu zetu wakinunua mchicha wajue soko hili limejengwa na mtu wa hapa."

Kwa siku nyingi alipima, akahesabu, akafuta, akahesabu tena. Mwishowe aliandika kila kitu kwenye karatasi moja, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa za Kizungu hakuzijua. Bei na vipimo aliviandika kwa maneno. Alipofika kwenye siku za kazi karatasi ilikuwa imebaki ncha tu, akaziandika kwa tarakimu mbili ndogo. Kisha akamkabidhi Waridi anakili.

Waridi alinakili vizuri mpaka akafika kwenye zile tarakimu mbili. Moja aliiona ni saba. Ya pili ilikuwa kiduara, akaiona ni sufuri. Moyo ulimwambia akamuulize baba yake, lakini angeuliza vipi? Angeulizwa chuoni anajifunza nini, na ugonjwa wa Bimkubwa ungefichuka siku hiyo hiyo. Akaandika sabini, naye kikomo cha tangazo hakukijua.

"Nisomee," alisema baba yake.

Waridi alisoma kwa sauti nzuri, na alipofika mwisho akairuka ile hesabu ya siku. "Na kazi nitaimaliza kwa siku nilizozitaja, inshallah."

"Inshallah," aliitikia Fundi Othman, akailamba gundi ya bahasha kwa furaha.

Siku ya kufungua zabuni watu walijaa ukumbini. Karani wa baraza, Bwana Kahindi, alichana bahasha moja moja mbele ya macho ya wote na kusoma kwa sauti. Ya Alfani, mkandarasi wa kutoka Mombasa, ilitaja siku sitini na sita. Kisha akaifungua ya Fundi Othman.

"Barua hii imeandikwa vizuri kuliko zote," alisema, "na bei yake ndiyo nafuu. Lakini siku ni sabini. Nasikitika, imetoka."

Fundi Othman alisimama. "Hapana, Bwana Karani. Mimi niliandika sitini na tano. Nimezihesabu mara tatu."

"Mzee wangu, mimi nasoma kilichoandikwa. Hapa pana saba na sufuri."

Hapo Waridi akafahamu. Ile aliyoiona saba ilikuwa sita ya Kiarabu, na kile kiduara kilikuwa tano. Baba yake aligeuka akamtazama, na macho yale hayakuwa na shaka naye hata chembe.

"Waridi mama, mimi niliandika ngapi?"

Ukumbi mzima ulimwangalia yeye. "Sabini, baba," alijibu. "Ndivyo ulivyoandika."

Fundi Othman akaivua kofia yake. "Basi niwieni radhi, jamaa," alisema. "Kosa ni langu. Macho yameanza kunihadaa." Akatoka nje taratibu, na kazi akapewa Alfani.

Nyumbani hakugomba. Laiti angegomba. Waridi angelia, yakaisha. Badala yake baba aliacha kujiamini. Jirani alipokuja kumwomba amjengee ukuta wa choo, alikataa. "Tafuta fundi kijana," alisema. "Mimi sasa naandika kimoja nikidhani kingine. Ukuta wangu utakuja kuwaangukia watoto wako." Wakati mwingine Waridi alimkuta akipima mlango wao wenyewe kwa kamba, mara tatu, mara nne, halafu akikaa chini na kuitazama mikono yake. Waridi alirudi chuoni, akajifunza zile tarakimu kwa uchungu, lakini ulimi wake ulikuwa mzito. Karatasi ya baba yake, ambayo mzee hakuiulizia kwa kumwamini bintiye, ilikuwa ndani ya daftari lake la hesabu, na kila alipolifungua aliona haya.

Ijumaa moja baada ya sala, aliona gunia dogo mlangoni. Ndani yake mlikuwa na mwiko, pima maji, na timazi ya shaba ya kupimia wima wa kuta, ambayo Fundi Othman aliachiwa na marehemu baba yake.

"Vinakwenda wapi, mama?"

"Baba yako anaviuza," alisema Bimkubwa, bila kumtazama. "Asema havina mwenyewe tena."

Waridi alikimbia ndani, akarudi na ile karatasi, akapiga magoti mbele ya baba yake. "Usiviuze, baba. Macho yako hayana kitu. Uliandika sitini na tano. Mimi ndiye sikuzijua tarakimu, kwa sababu chuoni sikuwa nikienda. Nilikuwa nikicheza rede, na nikamwambia maalim mama anaumwa. Na siku ile ukumbini nilisema uongo."

Fundi Othman aliipokea karatasi akaisogeza karibu na mwanga. "Sitini na tano," alisoma. Akasoma tena, "Sitini na tano." Kisha akafunika uso wake kwa karatasi ile na kulia. Waridi hakuwahi kumwona baba yake akilia, na tangu siku hiyo hajapata kukisahau kilio kile.

Jumatatu asubuhi walikwenda kwa Bwana Kahindi. Baba yake hakumsemea neno. Waridi alieleza yote mwenyewe, kuanzia uwanja wa rede hadi uongo wa ukumbini. Karani aliitazama ile ncha ya karatasi.

"Ungeyasema haya siku ile, kabla ya kazi kutolewa, ningewaomba madiwani waitazame karatasi hii palepale," alisema. "Leo mkataba umetiwa sahihi. Siwezi kuuvunja, Mzee Othman. Nikiuvunja kwa ajili yako, hakuna atakayeziamini bahasha zetu tena."

"Nafahamu, bwana. Sikuja kudai kazi. Nimekuja ili ijulikane kwamba sikukosea."

Bwana Kahindi aliandika hivyo katika kitabu cha baraza, na akabandika nakala ukutani watu wote wasome. Alfani naye aliisoma. Kesho yake alifika nyumbani kwao. "Mzee, mimi ni mtu wa saruji, na baraza linataka matao ya chokaa," alisema. "Njoo unisimamie mafundi." Fundi Othman alilifungua gunia lake, akaitoa timazi na kuipangusa vumbi.

Soko lilimalizika siku ya sitini na tano. Jiwe liliwekwa ukutani, na juu yake limechongwa jina la Alfani.

Siku hiyo Waridi alimpelekea baba yake chakula, akamkuta akimalizia lipu ya tao la mwisho. Waridi alisimama mbele ya lile jiwe, machozi yakamtoka.

"Njoo hapa," aliita baba yake. Kwa kidole aliandika tarakimu mbili kwenye chokaa mbichi. "Soma."

"Sitini na tano."

"Sasa nisikilize, mwanangu. Kutojua sita na tano si aibu; ungeniuliza, ningecheka na kukufundisha palepale. Hata kukosea barua ningekusamehe siku ile ile, japo jina langu ndilo limepotea hapo. Lakini uliona aibu ya dakika moja, ukaniacha mimi nidhani akili yangu imeharibika. Aibu yako ulinivisha mimi. Usimfanyie hivyo mtu mwingine maisha yako yote. Penye kutojua, uliza. Penye kukosa, sema upesi, wakati jambo bado linatengenezeka."

"Nimesikia, baba. Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe." Akauchukua mwiko, akaupitisha polepole juu ya zile tarakimu mpaka zikapotea, ukuta ukawa laini. Kisha akanawa mikono, wakakaa chini ya tao kula.