Mkate wa Wilmer

Chumvi ndiyo iliyotangulia kupotea. Yuraima alitia kijiko, akaongeza kingine, supu ikabaki kama maji ya kuoshea vyombo. Alijiambia ni uchovu tu. Tangu ahamie mji wa El Alto kutoka Venezuela, kushona suruali kutwa kulikuwa kumemmaliza.

Kisha Nazaret, bintiye mdogo, akaanza kulia njaa huku sahani ikiwa bado mikononi. Alikula, akaomba, akala tena, na bado mbavu zilimtoka. Zahanatini hawakuona ugonjwa. Chumba chao kilinuka mshumaa uliozimwa, na kila walipokaa mezani Yuraima alisikia mtu wa tatu akitafuna polepole, upande ule usio na kiti, na hata alipoacha kula ili asikilize, na Nazaret naye akaacha kwa kuuogopa uso wa mama yake, kinywa kile kingine kiliendelea kutafuna, kikameza, kikashusha pumzi kama mtu aliyerudi kutoka kazini akakuta chakula hakimtoshi.

Jumamosi mchana akambeba mtoto, akajikokota hadi duka la kona kununua chumvi nyingine. Mama Eduviges, mwenye duka, alimtazama Nazaret kupitia nondo za dirisha, kisha akaangalia pembeni.

"Anatafunia upande gani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Yuraima akamvuta mtoto kifuani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Ndipo yule mama akaeleza. Siku ya Wafu, watu wanapowaandalia marehemu wao chakula, alimpa Yuraima mkate wenye uso wa mtu, na Yuraima, kwa kuwa kwao mwenye duka humpa mteja nyongeza, alishukuru akaenda zake, akiumega na mwanawe njiani. Kumbe mkate ule ulitoka kwenye meza ya sadaka ya Wilmer, mwana wa Eduviges, aliyefukiwa mgodini akafa kwa njaa. Pale El Alto, anayepokea mkate wa marehemu humwombea palepale. Asipoomba, marehemu humfuata.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wote niliowapa mkate waliomba, kwa hiyo hakuwafuata, akabaki kwangu. Alikula chakula changu, akala cha mume wangu mpaka nikamzika mume huyo. Nilijua wewe mgeni hutaomba." Akajifuta macho kwa aproni. "Ni mwanangu, lakini nimechoka, binti yangu."

Yuraima akapiga magoti kwenye vumbi, akasali sala zote alizozijua. Mama Eduviges alimwacha amalize, kisha akamwambia kwamba sala ya mkate ule husikika siku unapopokewa tu. Sasa Wilmer angetoka kwa njia aliyoingilia, kwa mkate kupewa mtu mwingine asiyejua kuomba. Akapenyeza kati ya nondo mkate mwingine wenye uso wa mtu, uliofungwa kitambaa. Yuraima akasema afadhali awatupie mbwa. Lakini Nazaret alikuwa amelala begani mwake, mwepesi mno, na mama mtu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akaupokea.

Jumatatu, kwenye karakana ya kushona, kulikuwa na mgeni, Dayerlin, aliyetoka Maracaibo, kule kule Venezuela, juzijuzi; mwanawe alikuwa amekaa chini ya cherehani yake. Yuraima akamwekea ule mkate.

"Kula, dada. Umetoka dukani kwetu."

Dayerlin akamtakia baraka, akasema tangu avuke mpaka hakuna aliyempa kitu bure. Yuraima bado alikuwa na nafasi ya kumwambia amwombee marehemu, tena siku hiyo hiyo. Maneno yalimfika mdomoni. Akainama, akaendelea kushona.

Dayerlin akamega kichwa cha ule mkate, akampa mwanawe kwanza.